Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi



Ijumaa moja jioni, katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Jinja, wenzetu wa zamu ya asubuhi waliambiwa wasitoke getini kwanza. Karani alisoma majina. Kila aliyesikia jina lake alikwenda stoo, akapewa bahasha pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote na hana dai lolote tena juu ya kampuni. Kabla jua halijazama, wenzetu zaidi ya sitini walikuwa nje ya geti, ovaroli mkononi.

Mmoja wao ndiye tunayetaka kuanza naye. Hatutamtaja jina, kwa kuwa ndivyo alivyotuomba. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo, umri wake miaka 46, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka 21. Alipoingia kiwandani hakujua kushika spana. Alipotoka aliweza kusimama mlangoni, akasikiliza mtambo unavyolia, akakwambia ni gia gani imelika. Ana watoto watano, na watatu wako shuleni.

Tulipomtembelea nyumbani kwake Walukuba, alitueleza jambo ambalo tuna hakika wengi wenu mnalijua ingawa halisemwi. Kwa wiki tatu nzima hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akachukua mkebe wake wa chakula, akaenda kukaa ufukoni Masese pamoja na wavuvi mpaka saa ya zamu ilipokwisha. "Nilikuwa naona haya kumtazama mama watoto," alisema. "Mtu mzima kutolewa kazini kama kibarua wa jana." Siri ilifichuka siku mtoto alipougua. Mkewe alikimbia mpaka kiwandani kumwita, na askari wa geti akamwambia, "Mama, mumeo hayupo hapa tangu mwezi uliopita."

Habari hii ilitufanya tufunge safari. Tulizungumza na wenzetu wa viwanda vya Jinja, wa mashamba ya miwa ya Busoga na wa mashamba ya chai ya Toro. Tuliwauliza wote swali moja: mtu aliyeachishwa kazi akiwa na miaka arobaini na kitu, si kijana wala si mzee, afanye nini? Haya ndiyo tuliyoyaona na kuyasikia.

KOSA SI LAKO

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba kupunguzwa kazini si aibu ya mtu mmoja. Fundi yule alidhani kosa ni lake. Alihesabu siku alizochelewa, akakumbuka ugomvi wake na supavaiza, akajiuliza ni lipi lililomponza. Ukweli ni kwamba kampuni ilikuwa imefunga idara nzima.

Tazama historia yetu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege katika nchi tatu walijikuta mwajiri wao hayupo. Mwaka 1982 mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha kuchimba shaba, na wachimbaji waliotoka kila pembe ya nchi wakabaki Kasese bila mshahara. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa, na watumishi wa serikali ya Uganda, waliokuwa zaidi ya 300,000 mwaka 1990, walipunguzwa hata wakabaki karibu nusu. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 2009 kiwanda cha karatasi cha Webuye kilizimwa, na mji mzima uliokuwa ukiishi kwa king'ora cha kiwanda hicho ukapoa. Huko Kericho, mwezi Mei 2023, hasira juu ya mashine za kuchumia chai ilifika hata mashine zikachomwa moto.

Je, wote hao walikuwa wavivu? La. Koleo liliwavunjikia mkononi, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi anayeficha koleo lililovunjika hawezi kupata la kuazima. Wiki tatu alizokaa ufukoni Masese, fundi wetu hakuna mtu aliyejua kwamba anatafuta kazi. Basi angeipataje?

USITIE SAHIHI KWA HARAKA

Jambo la pili ni karatasi. Wengi wa wale sitini walitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa bahasha ilikuwa na fedha na watu walikuwa wamechoka.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kuhusu notisi. Mfanyakazi aliyetumikia mwaka mmoja hadi mitano anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Aliyetumikia miaka mitano hadi kumi, miezi miwili. Aliyetumikia miaka kumi au zaidi, miezi mitatu. Mwajiri asiyetaka kutoa notisi anaweza kulipa fedha badala yake. Tena, anapotaka kuachisha watu kumi au zaidi katika muda wa miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au za mitambo, hana budi kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi, na kukipa chama cha wafanyakazi habari zote mapema, kwa kawaida si chini ya wiki nne kabla.

Fundi wetu, mwenye miaka 21 kazini, alikuwa amelipwa notisi ya mwezi mmoja tu. Alikuja ofisini kwetu wiki ya kumi na moja. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanatakiwa kumfikia Ofisa wa Kazi katika muda wa miezi mitatu, kwa hiyo zilikuwa zimebaki siku chache tu. Katibu wa tawi aliandika barua usiku uleule. Kampuni ilijibu kwamba mtu huyu ametia sahihi. Lakini sahihi haiwezi kufuta haki iliyowekwa na sheria. Ilichukua miezi mitano ya kwenda na kurudi, na mwishowe walilipwa tofauti ya miezi miwili, yeye na wenzake wote waliokuja pamoja naye. Wale waliokuja baada ya muda kupita walipata shida kubwa zaidi, na wengine hawakupata kitu.

Kuhusu kiinua mgongo, yafaa mjue jinsi sheria zinavyotofautiana. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kima: anayepunguzwa kazini hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inaweka mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka kumi. Uganda, sheria haikuweka hesabu yake. Imeacha mwajiri na wafanyakazi, au chama chao, wapatane. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba penye chama chenye nguvu na mkataba wa pamoja uliokwisha kuandikwa, pana kitu cha kudai. Pasipo na mkataba, mfanyakazi anakwenda kuomba.

Kabla hujaondoka getini hakikisha una vitu hivi: barua ya kuachishwa yenye sababu, cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi uliyoifanya na tangu lini, hati ya mshahara wa mwisho, na namba yako ya NSSF. Kumbukeni wazee wa Jumuiya. Huko Tanzania walikuwa bado wanadai mafao yao katika miaka ya 2000, zaidi ya miaka ishirini na tano baada ya Jumuiya kufa.

FEDHA ZA BAHASHA

Mwenzake fundi huyu, aliyekuwa idara ya rangi, alipokea fedha zake, akanunua gari la abiria lililotumika. Hakuwa dereva wala hakujua injini. Alimwajiri kijana. Mwezi wa kwanza lilileta fedha, wa pili likaleta madeni, wa tatu lilikuwa limelala gereji. Leo gari limeuzwa kama chuma chakavu, na mwenyewe amerudi kijijini.

Hatusemi biashara ni mbaya. Tunasema kwamba fedha za bahasha huonekana nyingi kwa sababu hatujazoea kuzishika zote kwa pamoja. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndugu na jamaa husikia, na kila mmoja ana shida yake ya kweli. Wenzetu waliofanikiwa walitupa ushauri unaofanana. Kwanza, kaa chini na mkeo au mumeo, mhesabu chakula, kodi ya nyumba na ada za shule kwa miezi sita, mzitenge. Pili, lipa madeni yenye riba. Tatu, kilichobaki kiwe cha vifaa vya kazi unayoijua tayari, si ya kazi uliyoisikia kwa jirani. Na miezi mitatu ya mwanzo usinunue kitu kikubwa chochote.

Juu ya NSSF, watu wengi hufikiri kwamba lazima wangoje miaka 55. Mwenye miaka 50 ambaye hana kazi kwa mwaka mmoja anaweza kudai fedha zake. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka kumi anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Lakini ni akiba ya uzeeni. Anayeigusa aiguse kwa jambo lenye maana. Na wewe uliye kazini bado, nenda leo ukaulize kama mwajiri anapeleka ile asilimia 5 anayokukata pamoja na asilimia 10 yake. Wako wenzetu waliogundua siku ya kuachishwa kwamba fedha zao hazikuwa zinafika.

MIKONO YAKO INAJUA NINI?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fundi wetu alianza kuzunguka na cheti chake. Kila geti alisema, "Mimi ni fundi wa mitambo ya kufuma." Kila geti walimjibu kwamba hapa hatufumi nguo. Jambo hilo lilikuwa kweli, kwa sababu viwanda vya nguo vilivyobaki ni vichache.

Aliyemfungua macho ni binti yake wa sekondari. Alichukua daftari, akamwuliza, "Baba, siku nzima ulikuwa unafanya nini hasa?" Baba akaanza kusema, na binti akaandika. Kubadilisha beringi. Kupanga mikanda na gia. Kuchomelea. Kusoma mchoro wa mtambo. Kutunza pampu na kompresa. Kuweka ratiba ya mafuta na grisi. Kufundisha vijana wapya. Daftari lilijaa kurasa mbili, na neno "kufuma" lilionekana mara moja tu.

Toka siku hiyo alijitambulisha kama fundi wa mitambo. Beringi ya mtambo wa nguo na beringi ya mtambo wa sukari ni ndugu. Pampu ya kiwanda cha sabuni haiulizi ulikuwa kiwanda gani zamani. Vilevile alikwenda kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, maana kwa miaka 21 hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha ujuzi wake. Aliketi pamoja na vijana wa umri wa mwanawe. Kwenye kuandika alipata taabu. Kwenye mikono hakuna aliyemkaribia.

Jambo jingine alilojifunza ni kwamba kazi nyingi hazitangazwi. Aliwaendea wote aliowahi kufanya kazi nao, akawaambia bila kuficha kwamba hana kazi na anaweza hiki na hiki. Mmoja wa hao alikuwa kijana aliyemfundisha kushika spana miaka kumi na mitano nyuma, ambaye sasa ni msimamizi wa karakana katika kiwanda kimoja cha chuma. Nafasi ilikuwapo, lakini ya chini: fundi msaidizi, mkataba wa miezi sita, na mshahara pungufu kuliko ule wa zamani.

Tulimwuliza alijisikiaje. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Siku ya kwanza aliniita Mzee mbele ya watu, nami nikamwita Bosi. Wote wawili tulitazama chini. Siku ya pili mtambo uliharibika, tukainama wote wawili, tukautengeneza. Tangu hapo neno lilikwisha." Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini na ijulikane pia kwamba kuinama si kulala. Mkataba wa miezi sita ulipokwisha, alidai alipwe kama fundi kamili kwa kuwa kazi aliyofanya ilikuwa ya fundi kamili, akapewa. Mshahara wake bado haujafikia ule wa zamani. Watoto wako shuleni.

MAMA WA CHAI

Huko Toro tulimkuta mama mmoja aliyechuma chai miaka 19 katika shamba moja kubwa. Mashine zilipoletwa, wachumaji wengi waliambiwa wasirudi Jumatatu. Yeye hakupewa hata bahasha. Karani alimwambia, "Wewe ni kibarua, huna kitu hapa."

Hapa tunaomba wote mtege sikio. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akipita hapo mfululizo, anastahili mkataba wa maandishi pamoja na haki zote za mfanyakazi. Miaka 19 ni miezi mingapi? Mama huyu hakuwa na karatasi, lakini alikuwa ametunza kadi za kupimia majani, zimefungwa kwa kamba ndani ya sanduku la nguo. Kadi zile ndizo zilizokuwa shahidi wake kwa Ofisa wa Kazi. Shauri lake lilikuwa halijakwisha tulipoondoka.

Wakati anangoja hakukaa bure. Miaka minne katika ile 19 aliifanya kwenye kitalu cha miche. Aliungana na wanawake wengine wanne waliotolewa naye, wakakodi kipande kidogo cha ardhi karibu na mto, wakaotesha miche ya kahawa na parachichi. Msimu wa kwanza nusu ya miche ilikufa, kwa sababu walikosa kivuli na fedha za nyavu. Mmoja akakata tamaa, akatoka. Msimu wa pili waliuza. "Si fedha nyingi," mama alisema, "lakini nyapara ni mimi mwenyewe." Halafu akacheka, akaongeza, "Nyapara huyu naye ni mkali."

USINUNUE KAZI

Onyo moja ni lazima tulitoe. Mtu mwenye shida hunukia kwa matapeli kama damu kwa papa. Mwenzetu mmoja wa mashamba ya miwa alitoa shilingi milioni tatu kwa bwana mmoja aliyemwahidi kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba. Alipewa risiti yenye muhuri na tarehe ya kusafiri. Siku ilipofika, simu haikupokelewa, na chumba kilichokuwa ofisi kilikuwa saluni.

Wako Waganda, Wakenya na Watanzania wengi wanaofanya kazi Ghuba, na wakala halali wapo. Lakini wakala halali ana leseni ya wizara inayohusika na kazi, na leseni hiyo inaweza kuulizwa wizarani kabla hujatoa hata senti. Mwite katibu wa chama, mwende pamoja. Na kwa kazi za hapa nyumbani, mtu wa geti anayetaka "chai" ili akuandikie jina anakuuzia kitu kisicho chake.

LAWAMA YETU SISI

Tungekuwa wanafiki kama tungemaliza bila kujitazama wenyewe. Fundi wetu alituuliza swali lililotuchoma: "Miaka 21 nimelipa ada ya chama. Siku niliyotoka, nani alikuja kunitazama?" Hatukuwa na jibu. Ada ilipokoma, jina lake lilitoka kwenye daftari letu, kama lilivyotoka kwenye daftari la kampuni.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na tunaomba matawi yayajadili. Kwanza, kila tawi liweke orodha ya wanachama walioachishwa, pamoja na ujuzi wao, ili nafasi ikisikika popote jina liwe tayari. Pili, aliyeachishwa abaki mwanachama kwa mwaka mmoja bila ada. Tatu, mikataba ya pamoja ijayo iandikwe hesabu ya kiinua mgongo, ruhusa yenye malipo ya kwenda kutafuta kazi wakati wa notisi, na haki ya walioachishwa kuitwa kwanza kampuni inapoajiri tena. Nne, mashine mpya inapokuja, wafanyakazi waliopo wafundishwe kuiendesha kabla watu wa nje hawajaletwa. Hatupingi mashine. Tunapinga mashine inayoingia kwa mlango wa mbele huku mtu akitolewa kwa mlango wa nyuma, mikono mitupu.

Ndugu, kama jina lako limesomwa leo, njoo ofisini na karatasi zako kabla hujatia sahihi, na usiku wa leo mwambie mwenzio wa nyumbani. Na kama lililosomwa ni la jirani yako, usingoje aje. Mfuate, ukae naye, umwulize mikono yake inajua nini.